Mshale Mrefu Ukiufunika Mfupi

Zilibaki dakika tatu, na dobi alikuwa bado na rundo la mashuka mezani. Akaisimamisha pasi, akafuta mikono kwenye aproni, akamtazama msimamizi.

Msimamizi wa chumba kile cha kufulia alikuwa mtu wa maneno. Ukichelewa, una maneno. Ukiunguza foronya, una maneno ya wiki nzima. Lakini kwa simu hii ya saa kumi hakuwahi kufungua mdomo kulalamika. Aligeuza uso, akajifanya anahesabu taulo.

"Nenda," alisema. "Mama asingoje."

Dobi akapita kati ya mapipa ya sabuni, akatokea kwenye ngazi za nyuma ya hoteli, ambako kelele za mashine hupungua. Mfukoni alikuwa na simu mbili. Akaitoa ile yenye ufa kiooni, akatazama saa. Kumi na dakika kumi na nane.

Saa hii haikuchaguliwa ovyo. Mama hajui kusoma, namba zote kwake ni mikwaruzo tu, lakini mishale ya saa ya ukutani anaiona vizuri, na jirani humrekebishia kwa saa ya redio kila Jumapili. Kwa hiyo makubaliano yalikuwa hivi: alasiri, mshale mrefu ukiufunika mfupi, pale chini upande wa mlango, simu inalia. Dobi alikaa kitandani na kalamu, akapiga hesabu. Saa kumi mshale mfupi uko kwenye nne. Mrefu hufika kwenye nne dakika ya ishirini. Basi, kumi na ishirini. Akaiandika ukutani kwa wino, na tangu mvua zianze hakuchelewa hata siku moja.

Alikuwa na sababu. Mama ana presha, na daktari alishaonya kwamba asishtuliwe. Mshtuko mmoja tu, moyo unaweza kusimama. Ndiyo maana dobi alitoa ahadi, mkono ndani ya mkono, kwamba simu haitakosa na mama hatasikia habari mbaya.

Na habari mbaya ilikuwapo. Ilikuwa chumbani kwao, kwenye kitanda cha pili, godoro limekunjwa na kufungwa kamba. Miaka minne walilala humo wawili, wakigombania ndoo moja na kucheka mpaka jirani anagonga ukuta. Mwenzake alikuwa akimtania kwamba anakunja mashuka kama anayefunga mzigo wa kuni. Kisha homa ikamshika siku nne, na ya tano hakuamka. Walimzika wenyewe, madobi sita na msimamizi. Tangu hapo dobi alikuwa analia kwanza ndipo alale, na siku nyingine usingizi haukuja kabisa.

Kumi na ishirini. Akapiga.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Koo bado?"

"Mvuke tu, mama. Kile chumba kinakausha sauti."

"Kunywa maji ya moto. Umekula?"

"Nimekula, nimeshiba."

"Kuku wako kaanza kutaga."

Dobi akafungua daftari dogo gotini. Mambo ya kule nyumbani yalikuwa mengi, bila daftari angeyachanganya. "Yule mwekundu?"

"Huyo huyo. Mkorofi, anataga kitandani kwangu."

Wakacheka. Dobi alijitahidi kicheko kiwe cha kweli, na kwa kitambo kidogo kikawa cha kweli. Kisha dobi akajua ni swali gani linakuja.

"Na mwenzako mnayelala naye chumba kimoja, hajambo?"

Kila siku aliulizwa hivyo, na kila siku swali lilimchoma upya. Akafumba macho.

"Hajambo, mama. Anakusalimu sana."

"Anakula?"

"Anakula."

"Na usingizi, anapata?"

Hilo lilikuwa jipya. Dobi akauma mdomo. Chini ya ngazi mtu alikuwa anamwaga maji machafu, naye akayatazama mpaka yalipoisha kuingia mtaroni.

"Anapata, mama."

"Mwambie asijitese. Mwambie namwombea kama mtoto wangu wa kumzaa."

Dobi akaifunika simu kwa aproni, akalia kidogo, upesi upesi, kama mtu aliyepewa ruhusa fupi. Alipoirudisha sikioni mama alikuwa bado yupo, anapumua taratibu.

"Niko mbele ya saa hapa," mama alisema. "Sasa ndiyo mrefu umeufunika mfupi. Sasa hivi, tukiwa tunaongea."

"Ndiyo, mama."

"Mwanangu alikuwa anapiga dakika hii. Alinionyesha kwa vidole vyake: mfupi nao unatembea, mrefu ukifika pale mfupi ulipokuwa, mfupi umeshasogea. Wewe unawahi. Tangu siku ya kwanza unawahi." Mama akakohoa kidogo. "Niambie mlikomzika, binti, kisha kesho unipigie tena, saa hiyohiyo ya kwako."