Tundu la Cheche

Mganga hajigangi, husema watu. Muuguzi Ratri alijiganga kila siku: alitafuna tangawizi, akanawa mikono kwa ndimu, akabadili kitambaa cha kichwa, ndipo akaingia wodini kuwahubiria wagonjwa waache sigara.

Asubuhi hiyo mzee mmoja mkaidi alilainika. Kidole gumba cha mguu wake kilikuwa kimekuwa cheusi, na daktari alishasema asipoacha sigara, mguu utakatwa. Akatoa pakiti yake chini ya mto, akamnyooshea Ratri.

Mkono wake ukasita hewani.

Juu ya mfuko wa gwanda jeupe la Ratri palikuwa na tundu dogo kuliko punje ya mchele, limeungua ukingoni. Sigara za huko Java huchanganywa na karafuu, ambazo hupasuka zikiwaka na cheche kurukia nguo. Shati la mzee lilijaa matundu kama hilo.

"Sista," alisema, "hilo si la pasi."

Ratri alilifunika kwa kiganja.

"Kumbe tu chama kimoja!" Mzee alicheka mpaka akakohoa, akairudisha pakiti chini ya mto. "Wiki nzima unanipigia kelele! Niombe radhi, halafu twende ngazini tukavute wote."

Vitanda vya jirani viligeuza shingo. Ratri aliondoa kiganja, kila mtu akaliona tundu.

"Navuta, baba. Nimejaribu kuacha nikashindwa, lakini vidole vyangu vyote bado vizima. Chako kinaoza." Akakinga mkono. "Lete pakiti. Radhi siombi."