Bizari ya Pakiti

Felicitas aliifungua pakiti kwa meno, akiwa amempa mgeni mgongo. Vumbi la kahawia likamwingia puani, akabana chafya mpaka machozi yakamlengalenga. Bizari ile ya kuchomea nyama ilikuwa imekaa miaka kwenye duka la ushirika la hapo Temeke, katikati ya sabuni na mafuta ya taa, na sasa ilinuka vyote viwili.

Kando yake ilikuwapo chupa ya mama yake, Eufrazia. Ndani mlikuwa na tangawizi, kitunguu saumu, pilipili manga na iliki, vilivyoanikwa juani na kutwangwa Alhamisi nzima. Mtaani hapo, mtu akipata nyama ya kuchoma alimtuma mwanawe kwa Mama Eufrazia kuomba kijiko kimoja. Asubuhi mama aliiweka chupa mezani, akamtazama binti yake, akatoka. Sharti la mgeni lilikuwa kwamba msichana apike peke yake.

Barua ya chuo cha ualimu ilikuwa imefika wiki mbili nyuma. Mwaka ule wa sabini na sita walimu walitakiwa kila kijiji, na Felicitas alikuwa akiota chaki usiku na mchana. Baba yake, Mzee Revelian, alikuwa akiota Wilbert, karani wa bandarini, kijana ambaye Felicitas alimwona mara moja tu, akisinzia kanisani.

"Mama yake Wilbert ndiye mwenye neno," baba alisema. "Akikukataa, Jumatatu nakupandisha basi mwenyewe uende chuoni. Akikukubali, habari za chuo zisisikike tena humu ndani."

Basi kazi ilikuwa kukataliwa, na haikuonekana kazi ngumu. Bi Demetria, mama yake Wilbert, alikuwa ameshawakataa wasichana watatu. Yule wa Keko alipika ndizi kwa nyama ambazo mshenga alizisimulia mwezi mzima, na bado hakupita. Watu wakasema mama yule ana ulimi mchaguzi kupita kiasi.

Felicitas aliipima chupa mkononi, akairudisha mezani. Pakiti ilikuwa na faida moja kubwa: aliyeinunua ni baba mwenyewe. Yeye alikuwa balozi wa nyumba kumi, asingeonekana analipita duka la umma mikono mitupu. Nyama ikiharibika, atamlaumu nani? La muhimu ni asishuke moyo wala kununa. Baba akinusa ujeuri kidogo tu, ahadi imekufa. Kwa hiyo Felicitas aliamua kuiharibu nyama kwa adabu zote.

Jiko lilikuwa na mlango mmoja, na mlangoni alikuwa amekaa Bi Demetria juu ya kigoda, tangu saa tatu asubuhi. Moshi ulizunguka ndani ukakosa pa kutokea. Felicitas naye alikosa.

"Unapaka nini hapo?"

"Viungo, mama."

"Vya nyumbani au vya dukani?"

"Vya dukani, mama. Baba ndiye kanunua."

"Haya. Paka."

Akapaka pakiti nzima kwenye mbavu zile, akasugua mpaka mfupani. Bi Demetria alipogeuka kuita kuku, akaongeza konzi mbili za chumvi.

Sukari ilikuwa imeadimika mji mzima, hivyo alimpa mgeni chai isiyo na utamu, akapiga magoti kuomba radhi. Bi Demetria akasema chai ni nzuri, akaomba kikombe cha pili. Miguu ilipomuuma, Felicitas alimkanda kwa maji ya moto. Habari za mbuzi wake aliyepotea kwao Kamachumu alizisikiliza mara tatu, na mara zote akauliza kama alipatikana. Moyoni alikuwa akihesabu saa zilizobaki, na alitamani kupiga kelele.

Mchana mafuta yakadondokea makaa, ndimi za moto zikazilamba mbavu zikawa nyeusi pembeni. Jirani alikohoa ng'ambo ya ukuta, akauliza kuna nini kinachoungua. Bi Demetria akajinyoosha mgongo kwenye kigoda.

"Bado haijaanza kuiva tu, mwanangu?"

"Bado kidogo, mama."

Saa tisa baba na mshenga walifika, wote wakakaa mkekani. Mzee Revelian alitafuna mara mbili, akaacha kutafuna. Mshenga aliomba maji, akaomba tena. Mama Eufrazia alirudi akakuta sahani zimejaa, akakwepa kumtazama bintiye. Bi Demetria peke yake ndiye aliyekuwa akila, taratibu, kipande baada ya kipande.

"Mama, utusamehe," baba alisema, uso umemshuka. "Ukiona hatufai, sema tu, hatutachukia."

Felicitas aliinamisha kichwa ili furaha isionekane. Tayari alikuwa akijiona dirishani kwenye basi.

Bi Demetria alifuta mikono kwenye khanga, kidole kimoja kimoja. "Kila nyumba naambiwaga hivyo hivyo," alisema. "Mara chumvi imezidi, mara imepungua. Mie tangu ile homa ya mwaka juzi sisikii ladha wala harufu, hata ukinipa majivu nitakula. Wale mabinti wengine, nusu saa tu na mie wakaanza kukunja uso." Akanyoosha mkono, akamvuta Felicitas akae ubavuni pake. "Huyu ndiye nitakayekaa naye mpaka nife. Mzee Revelian, tutaje mahari."