Paa Letu

Jeneza la Bi Nakiete lilikuwa mbele ya madhabahu. Mwalimu Elinami aliinua mkono, kwaya ikaanza wimbo ambao marehemu aliupenda kuliko zote, "Bwana ndiye paa letu."

"Rais ndiye paa letu," waliimba wote, bila hata mmoja kusita.

Mkono wa Elinami uliganda hewani. Hakuna aliyemwagiza kubadili neno lile, siku Rais alipokuja kanisani kukabidhi mabati mapya. Alilibadili mwenyewe, akawafundisha wiki tatu nzima mpaka likawakaa vichwani.

Mzee Sempombe, mume wa marehemu, aliinuka kwenye benchi la mbele.

"Mwalimu," aliuliza taratibu, "huyo ndiye atakayempokea mke wangu?"

"Nisamehe, mzee wangu. Tunarudia."

Akainua mkono tena. Papo hapo mvua ikashuka juu ya yale mabati, kwa kishindo kilichomeza kila sauti kanisani. Elinami aliwaona wanakwaya wakifungua vinywa. Akasogea, akainama karibu kabisa na safu ya kwanza, akitafuta midomoni mwao ni nani wanayemwita.