Kibuyu cha Dawa ya Kifua

Nungunungu alikuwa mganga hodari, ila aliona kueleza mambo ni mzigo. Alipomwajiri Digidigi, aliyekuwa mtiifu kupita kiasi, alimpitisha haraka mbele ya vibuyu vya dawa. "Hiki cha homa. Hiki cha tumbo. Hiki cha kifua."

"Hicho cha kifua kinatumikaje, mama?" Digidigi aliuliza.

"Nimekwambia ni cha kifua. Unataka nini zaidi?"

Digidigi akaona haya, hakuuliza tena.

Siku moja Nungunungu alikwenda mbali kuchimba mizizi, akamwacha mwanawe wa pekee nyumbani. Mtoto akaanza kukohoa na kupumua kwa shida. Digidigi hakusita. Alitwaa kibuyu cha kifua, akajaza kikombe, akamnywesha taratibu huku akimbembeleza.

Nungunungu aliporudi alimkuta mwanawe amelala kimya, mwili umepoa.

"Umempa nini?"

"Dawa ya kifua, mama. Amekunywa yote."

"Ile ni ya kupaka. Ukiinywa ni sumu."

"Sikujua, mama. Hukuniambia."

Nungunungu akaketi kando ya mtoto, akaanza kueleza kibuyu kimoja kimoja: kipi ni cha kunywa, kipi cha kupaka, kwa kiasi gani, na nani asipewe kabisa. Hakuwa amewahi kueleza jambo vizuri namna ile maishani mwake. Digidigi alisikiliza yote huku machozi yakimtoka. Mtoto hakuamka.