Ugonjwa wa Saa Kumi Jioni

Kifaranga wa kumi na moja alianguka kifudifudi kwenye sahani ya maji, akainuka, akaanguka tena.

"Unaona, Bwana Mifugo?" Mwalimu Fausta alisema kwa uchungu. "Asubuhi wazima kabisa. Ikifika saa kumi jioni, ndiyo hivi."

Sixbert, bwana mifugo wa kata, alichuchumaa ndani ya banda. Vifaranga hamsini wa kisasa walikuwa wamefika Msamala kwa basi kutoka Iringa wiki tatu tu zilizopita. Miaka ile mshahara wa mwalimu haukufika katikati ya mwezi, na kila mtumishi mjini Songea alikuwa na mradi wake. Huu ulikuwa wa Fausta, na aliupenda kuliko alivyompenda mumewe. Mumewe mwenyewe alilijua hilo.

Sixbert akamwinua mmoja. Mabawa yameshuka, macho yamefumba, shingo imelegea. Akamgeuza nyuma: hakuna kuhara. Akamsikiliza kifua: hakuna mkoromo.

"Sijaona kitu kama hiki," alisema. "Lakini kama ni kideri, mtaa mzima utabaki bila kuku. Wachomwe wote. Sasa hivi."

Fausta akajishika kichwa. Mumewe, Romanus, aliyeegemea mlango wa banda, akaanza kutoka jasho.

Maskini Romanus! Jumatano ya Majivu alipiga magoti mbele ya padri, akaapa kutoonja pombe mpaka Pasaka. Fausta ndiye aliyemburuta hadi pale. Yeye alikuwa mwenyekiti wa akina mama wa jumuiya wanaopiga vita ulevi. Kila siku baada ya shule alikwenda kwenye kikao chao, akirudi na karafuu mdomoni na kikopo cha chakula cha vifaranga mkononi. Kabla hata hajakitua, humnusa mumewe mdomo. "Siku nikisikia harufu, narudi kwa kaka zangu Mbinga," alikwisha kumwambia, na hakuwa mwanamke wa kutishia bure.

"Nileteeni mafuta ya taa," alisema Sixbert.

"Ngoja!" Romanus alipaza sauti. "Si kideri. Ni mimi. Nina kidumu cha ulanzi nyuma ya magunia. Nikisikia mke wangu anarudi, ninaobakiza naumwaga kwenye maji yao. Wamelewa tu, ndugu yangu! Usiwachome."

Kifaranga mmoja akapiga kwikwi.

"Romanus!" Fausta alisema. "Kwaresima hii? Mbele ya padri ukaapa? Basi tena. Nakwenda kufunga mizigo."

Romanus akainamisha kichwa. Alikuwa amewaponya vifaranga na kumpoteza mke.

Sixbert alikuwa bado anampapasa kifaranga wake chini ya shingo, kwenye mfuko wa chakula. Akauminya kidogo. Kifaranga akamtapikia kiganjani. Sixbert akatazama, akanusa, akatazama tena.

"Mwalimu, mizigo isubiri kwanza," alisema. "Ulanzi unagemwa kwenye mianzi, hauna machicha. Haya hapa ni machicha ya komoni, pombe ya nafaka, tena ya leo. Hiki chakula cha jioni huwa unakitoa wapi?"

Mwalimu Fausta akavuta kanga, akaziba mdomo.