Mtandao wa Kilungu

Baba mkwe alifungua mdomo kutaja tarehe, na mdomo ukabaki wazi vile vile, kama wa mtu aliyeketi kwa daktari wa meno.

"Imeganda tena," Kiema akasema.

Sebule nzima ya mama yake, hapo Kitui mjini, ikaguna. Kwenye laptop, watu wa mchumba wake, Wayua, walikuwa wametulia tuli huko kwao Kilungu: baba na kikombe chake, mama na kitambaa cha kichwa, shangazi wawili wanene, na Wayua mwenyewe katikati, mrembo, jicho halipepesi. Sauti nayo ilikuwa imekatika.

"Na si wewe ndiye fundi?" mjomba Mwau akamuuliza. "Mji mzima unakuletea kompyuta zake, halafu hii yako moja inakushinda?"

Kiema akainamia kibodi. Kazi yake ilikuwa hiyo hiyo, kufufua mitandao ya watu. Leo, siku yake mwenyewe, mtandao unamtoa jasho mbele ya wazee.

Mbuzi wa ntheo, wale wa kufungia ndoa kimila, walikuwa tayari, wamefungwa nyuma ya nyumba, wanamaliza sukuma wiki ya mama. Na Mkamba ambaye hajapeleka ntheo hana mke, hata kama amezaa naye darasa zima. Kilichobaki ni wakwe kutaja siku. Lakini Jumapili baada ya Jumapili, siku haitajiki. Mjomba Mwau, aliyesimama mahali pa marehemu baba, alikuwa ameapa kwamba leo ikipita bila tarehe, mbuzi wauzwe na Kiema atafute mjomba mwingine.

Kusafiri wangesafiri. Ni baba mkwe aliyewaonea huruma. "Mtapanda milima yetu hii ya nini," alisema, "na kompyuta ipo?"

Kiema akazima ruta, akangoja, akaiwasha. Wakwe wakafufuka wote kwa pamoja, wakicheka.

Wakauliza habari za mvua. Wakauliza mguu wa mama Kiema unaendeleaje. Mama mkwe akasimulia jinsi parachichi zilivyozaa mwaka huu, akasimulia mti kwa mti, hakuna neno hata moja lililomezwa.

"Mungu ni mwema," akasema mjomba Mwau. "Sasa, wakwe, ile siku yetu..."

Kimya. Mama mkwe alikwama akiwa ameinua mkono kuonyesha ukubwa wa parachichi.

"Mutanu!" Kiema akamgeukia dada yake. "Zima hiyo simu! Unakula mtandao wote na sinema zako!"

"Simu yangu haina chaji tangu asubuhi, na unajua," Mutanu akasema. "Usinitafutie makosa. Mbona kwa parachichi mtandao ulikuwa unapita?"

"Ndivyo mtandao ulivyo. Unakuja, unaenda."

Akaihamisha laptop kutoka upande wa ukuta wa mabati, akaiweka dirishani. Akaiambia isahau ile waifai, kisha akaingiza nywila upya. Akaondoa ule mpango wa kubania betri, ambao huibia mashine nguvu ya kushika mtandao. Akapima kasi, na mshale ukaruka mpaka mwisho. Mtandao ulikuwa mzima kama ng'ombe dume.

"Basi shida iko kwao," akasema, na akamwandikia Wayua kwa simu: Sogezeni kompyuta karibu na ruta. Ujumbe ukafika. Wayua, ambaye siku zote hujibu kabla mtu hajamaliza kuandika, hakujibu.

Mama yake Kiema hakuweza kuvumilia zaidi. Alikuwa mshirika wa kanisa ambalo kila kitu kina pepo wake, hata magurudumu. Akaisimamia laptop, akaiwekea mikono yote miwili na kukemea.

"Mwaitu, mama yangu, utaibonyeza vibaya," Kiema akamwomba.

"Wewe umebonyeza vizuri, imekusaidia nini?"

Hapo alikuwa amemweza. Vidole vya Kiema vilikuwa vimeishiwa mahali pa kubonyeza. Akabakiwa na dawa moja, ya mwisho. Akaiacha waifai kabisa, akaunganisha laptop na bando za simu yake.

Wakafufuka.

"Tumewapoteza kidogo," baba mkwe akasema. "Milima hii!"

"Baba, nauliza upesi kabla haijapotea tena," mjomba Mwau akasema, karibu apande juu ya meza. "Ni mwezi huu, au mwezi ujao?"

Baba mkwe akatabasamu. Akainua kidole, akavuta pumzi, na kidole kikabaki huko juu.

Mjomba Mwau akachukua kofia yake. "Mutanu," akasema, "niitie yule mtu wa kununua mbuzi."

"Mjomba, dakika moja tu. Tafadhali."

Kiema akapiga magoti mbele ya laptop, uso karibu uguse kioo. Hakuwa na ufundi wowote tena. "Wayua," akaita polepole, kana kwamba jina hilo lingepenya mahali ambapo bando hazikupenya. "Wayua, kama unanisikia, waambie wataje siku. Siku yoyote. Hata iwe ya mwaka ujao."

Hakuna kilichotikisika huko Kilungu.

Ndipo kuku mwekundu akaruka juu ya meza ya wakwe. Akapita mbele ya baba mkwe na kidole chake, akapita mbele ya shangazi wawili, akafika kwenye sahani ya mandazi, akadonoa. Ko, ko, ko. Mlio ukasikika sebule nzima ya Kitui. Aliposhiba akashuka, akatoka zake.

Macho ya Wayua yakamsindikiza mpaka mlangoni, kisha yakarudi mahali pake, yakatulia.