Aliyepokea Simu ya Mama

“Lakini jana si mliongea mpaka simu ikapata moto?” dada yake akashangaa. “Mama anasema alicheka hadi akashika mbavu.”

Fundi lifti aliibana simu ya ofisi ya msimamizi sikioni. Siku tisa zilikuwa zimepita tangu apoteze yake, huko ugenini alikokwenda kutafuta maisha. Siku tisa hajasikia sauti ya mtu wa kwao.

“Dada,” akasema, “mimi jana sikuongea na mama.”

Upande wa pili kengele ya shule ililia. Watoto wakatoka darasani kwa makelele.

Simu ilipotelea katika chumba cha kubadilishia nguo, kwenye jengo la ghorofa thelathini walilokuwa wakilifungia lifti. Mle walivulia buti mafundi wa kila lugha, wakiwemo wa lugha yake. Aliiacha kwenye benchi, akaenda kunawa uso. Aliporudi, benchi tupu.

Tangu hapo alihangaika kama kuku anayetafuta pa kutagia. Namba pekee aliyoijua kwa kichwa ilikuwa yake mwenyewe. Alijaribu kufungua akaunti zake kwenye simu ya mwenzake wa chumbani, zikadai tarakimu za siri, na tarakimu zenyewe zikatumwa kwenye simu ileile iliyopotea. Alijipigia asubuhi, mchana na jioni. Iliita tu, haikupokewa. Mwishowe akakumbuka kuitafuta mtandaoni namba ya shule anayofundisha dada yake.

Kumbe kulikuwa na simu moja iliyokuwa ikipokewa.

Mama alipiga kila siku baada ya chakula cha mchana. Mtoto wa jicho alikuwa amemziba macho yote mawili, kwa hiyo dada alimnunulia simu yenye kitufe kimoja kikubwa. Akikibonyeza, inaita kwa mwanawe.

“Mama huongea muda gani na huyo mtu?”

“Nusu saa. Saa nzima. Mimi nikajua umepata likizo.”

Yeye hakuwahi kufikisha dakika tatu. Ndani ya shimo la lifti mtandao hukatika, na akitoka shimoni anakuwa hoi. “Mama, nitakupigia,” ndiyo iliyokuwa salamu yake na kwaheri yake.

“Ameomba nini? Hati ya nyumba?”

“Hajaomba kitu, mdogo wangu. Hata chumvi.”

Jibu hilo ndilo lililomtia baridi. Mwizi mwenye haja yake anajulikana. Huyu je, alitaka nini?

Kesho yake, ilipofika saa ya mama, aliazima simu ya mwenzake akapiga namba yake. Ikajibu kwamba inatumika. Akangoja dakika kumi. Inatumika. Nusu saa. Inatumika. Mahali fulani katika mji ule, pengine ghorofa mbili tu chini ya miguu yake, kulikuwa na mtu anayemwitikia mama yake. Jioni hiyo, watu walipokuwa wakibadilisha nguo, alikaa pembeni akiwatazama midomo. Kila aliyecheka alimshuku. Mmoja alipomtakia usiku mwema, alimpa kisogo.

Siku iliyofuata dada aliomba ruhusa kazini. Alikaa ubavuni mwa mama bila kumwambia lolote, akaiweka simu yake wazi juu ya mto ili mdogo wake asikilize. Huku fundi naye, na simu ya kuazima, alijifungia katika chumba cha mota za lifti, juu kabisa ya jengo, amebana pumzi.

Alisikia kitufe kikibonyezwa. Simu ya mama, yenye kipaza sauti, ikaita mara moja tu.

“Naam, mama.”

Sauti ile haikufanana na yake hata kidogo. Ilikuwa nzito, ya mtu wa makamo, na ilikwenda polepole. Fundi alihisi nywele zikimsimama. Ina maana uzee umemla mama masikio pia?

“Jana tuliishia wapi?” mama akauliza.

“Pale mvua ilipoanza, na mtoto alikuwa na homa.”

Basi mama akaendelea. Akasimulia habari ya mwanawe wa kwanza, aliyeishi miezi minne, na jinsi walivyomzika huku mvua ikinyesha na baba akikataa kuliacha kaburi. Fundi alishikilia ukuta. Miaka thelathini na sita yuko duniani, na leo ndipo anajua kwamba alikuwa na kaka.

“Halafu, mama?” sauti ile ikasema.

Hakuvumilia tena. “Mama!” alipiga ukelele. “Mama, huyo si mimi!”

Ukelele ule ulitokea juu ya mto, kitandani kwa mama. Simu ya mama ikakatika. Dada akavuta makamasi. Kisha mama akasema, “Nipe hiyo simu.”

“Mama, ni mimi, mwanao,” alisema kwa haraka, machozi yakimtoka. “Yule ni mtu baki, aliokota simu yangu. Nisamehe, mama. Amekudanganya siku zote hizi.”

“Hajanidanganya,” mama akajibu kwa upole. “Siku ya kwanza tu aliniambia yeye si wewe. Akauliza akurudishie wapi simu yako. Ni mimi niliyemwomba asirudishe. Sasa kata, mwanangu, nimpigie. Nilikuwa sijamaliza.”